Somo: Kupima joto la Dar kwa setelaiti, kisha kuangalia la miaka ijayo

Haya twende. Fungua akaunti ya Google Earth Engine, jukwaa la Google la kuchambua picha za setelaiti mtandaoni, kwa masomo na utafiti ni bure na kazi nzito inafanywa na mashine zao, laptop yako inabaki kama dirisha tu.

1. Ita picha za setelaiti za Landsat 8 na 9, seti iitwayo Collection 2 Level 2, bandi ya ST_B10, yaani tabaka la joto la uso wa ardhi. Chora mpaka kuanzia Bunju mpaka Kigamboni afu chuja mawingu. Hapa ndo wengi wanapigwa, picha safi nyingi zinatoka miezi ya kipupwe wakati joto la kutulowesha jasho ni la Desemba mpaka Machi, sasa bora picha chache za Januari na Februari za miaka kadhaa kuliko kuchanganya misimu.

2. Zidisha namba za bandi hiyo kwa 0.00341802, jumlisha 149, toa 273.15. Hizo ndo nyuzi za selsiasi.

3. Hilo ni joto la ardhi na mapaa, sio la hewa, tena setelaiti inapita saa nne na kitu asubuhi. Mji unatesa usiku, zege na lami zikitema zilichomeza mchana. Chukua MODIS, kipimo kilicho kwenye setelaiti ya Aqua, picha za mpaka 2021 ilipokuwa inapita kama saa saba na nusu usiku, ila pikseli yake, yaani kijipande kimoja cha picha, ni kilomita 1 so usitegemee kuona uchochoro.

4. Miaka ijayo: modeli nyingi za CMIP6, yaani mkusanyo wa modeli za tabianchi za dunia, zina pikseli ya kama kilomita 100, Dar na bahari vimo humohumo. Usiibandike juu ya ramani yako jamani! Toa wastani wa 1995-2014 kwenye wastani wa 2041-2060 wa modeli ileile, rudia kwa modeli kadhaa na kwa njia mbili za uzalishaji wa hewa ukaa, SSP2-4.5 (ya kati) na SSP5-8.5 (ya juu sana), afu tofauti hiyo jumlisha kwenye vipimo vya kituo cha hali ya hewa.

MASWALI

— Mkuu, mbona mabati ya Mbagala kwangu yanasoma baridi kuliko mchanga?
— Bati jipya linalong'aa linatoa mionzi kidogo hata likiwa la moto, setelaiti inalisoma chini. Likishika kutu linasomeka vizuri. Cheki picha ya kawaida kabla hujasema mtaa una ubaridi.

— Niko Mombasa, nifuate hivi hivi?
— Ndio dada, badili mpaka, ila ondoa pikseli za maji maana Kilindini na Tudor zitakushusha wastani.

— Na nikitaka kujua miti ya barabarani itasaidia kiasi gani?
— Hiyo ni SOLWEIG, modeli ya kukokotoa kivuli na mionzi inayompata mtu mtaani, iko ndani ya UMEP, programu-jalizi ya QGIS, programu ya bure ya ramani. Tafuta kwanza urefu wa nyumba na miti, bila huo haiendi popote.