Namna ya Kupima Kunata kwa Seli za Leukemia kwenye Ukuta wa Mshipa wa Damu

Seli za leukemia, yaani saratani ya damu, hazielei tu katika damu. Hushika ukuta wa mshipa, huupenya na kufika kwenye uboho, ambako mazingira huzikinga dhidi ya dawa. Kipimo hiki hutumia seli za THP-1, zilizotokana na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja aliyeugua leukemia kali ya monosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu), pamoja na seli za utando wa ndani wa mshipa wa kiungamwana.

Otesha seli za mshipa katika sahani ya visima 96 hadi zifunike sakafu yote bila pengo, kwa sababu seli za leukemia hunata pia kwenye plastiki iliyo wazi na kukupa idadi ya uongo. Katika nusu ya visima weka TNF-alfa, protini inayochochea uvimbe, nanogramu 10 kwa mililita, kwa saa 4 hadi 6. Vilivyobaki viache bila kichocheo ili uwe na cha kulinganisha. TNF-alfa hufanya seli za ukuta zitokeze protini mbili za kunasia: selektini-E, inayozinasa seli zinazopita kwa mshiko mwepesi, na VCAM-1, ambayo VLA-4, integrini (protini ya kushikia) ya seli za leukemia, huishika kwa nguvu zaidi.

Zitie seli za THP-1 rangi ya kalseini, inayong'aa kijani ndani ya seli hai, kwa dakika 30. Zioshe, zihesabu, mimina seli 50,000 kila kisima, uziache dakika 30 kwenye nyuzijoto 37, kisha pima mng'ao wa sahani nzima.

Kinachofuata ni kuosha visima ili kuondoa seli zisizonata. Kuosha huku ndiko kunakoharibu vipimo vingi, nami namsihi kila anayeanza afanye mazoezi kwanza. Tumia maji ya chumvi ya uvuguvugu yenye kalsiamu na magnesiamu, kwani selektini na integrini hulegea madini hayo yakikosekana, nawe utadhani seli hazikunata kumbe umeziondoa mwenyewe. Yamimine taratibu kando ya kisima, mara 3, ukitazama kwa hadubini kila mara iwapo utando umechanika. Kisima kilichochanika kiache nje ya hesabu.

Pima mng'ao tena, toa ule wa visima visivyo na seli zilizotiwa rangi katika vipimo vyote viwili, kisha gawanya cha pili kwa cha kwanza upate sehemu ya seli zilizonata. Ukitaka kuthibitisha kwamba mshiko ni wa VLA-4, loweka kwanza seli za leukemia katika kingamwili inayoiziba VLA-4, na kundi jingine katika kingamwili ya aina hiyohiyo isiyolenga chochote. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo sehemu ya VLA-4.