Namna ya kuunda mwanasesere wa mita tatu wa kuwapokea wageni mtaani

Kazi yangu ni kusuka matenga ya nyanya. Nilijifunza Ilula, siku hizi naishi Mbeya, na mianzi ileile ya matenga ndiyo tunayoundia wanasesere wakubwa wa kuwapokea wanaohamia kwetu: waliovukia Kasumulu mpakani na Malawi, waliopitia Tunduma mpakani na Zambia, na familia za Wakongo ambazo majirani wengi hawazijui hata kwa majina.

Kabla hujashika panga, nenda kwa wageni wenyewe. Waulize mwanasesere awe nani, avaeje, asalimieje, aimbiwe wimbo gani. Mama mmoja alitaka awe bibi mwenye mikono mirefu, kwa sababu siku anafika hakuna aliyempokea mzigo. Basi mikono tukairefusha. Usimdai mtu makaratasi wala mkasa uliomtoa kwao. Akipenda atasimulia mkiwa mnachana mianzi. Na usimpige mtu picha bila ridhaa yake. Aliyekimbia huenda bado anatafutwa.

Mwaka 2021 Amal, mwanasesere wa msichana mkimbizi kutoka Syria, alitembezwa kutoka Gaziantep, Uturuki, hadi Manchester, Uingereza, safari ya kilomita 8,000 hivi. Ana urefu wa mita 3.5 na aliundwa na Handspring Puppet Company ya Cape Town. Ndani yake hupanda mtu juu ya magongo marefu. Hilo msiliige, mitaro yetu ni mingi. Fremu ya kubeba mgongoni inatosha.

Chagua mianzi iliyokomaa. Kama kichaka ni cha kugemea ulanzi, pombe ya mianzi, usikiguse bila ruhusa ya mwenyewe. Chana fito za upana wa kidole. Kichwa kisuke kama tenga lililofunikwa, kisha bandika karatasi za mifuko ya saruji kwa gundi ya uji wa unga wa muhogo, tabaka tatu, kila moja ikauke kabisa kabla ya inayofuata. Viungo vifunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Waya huchoma watu, tena haunesi. Nguo iwe kitenge chepesi kisicho na bitana, chenye matundu mgongoni. Upepo wa mchana wa Agosti na Septemba ukikuta kitambaa kizito utamwangusha mbebaji, kwa hiyo tembeeni asubuhi.

Sasa pumzi. Hapa ndipo wengi hupaharakisha, nami naomba mpape muda kuliko kitu kingine chochote. Mbebaji na washika mikono wawili wavute pumzi pamoja, kifua cha mwanasesere kiinuke kidogo, ndipo atazame. Akishatazama ndipo atembee. Bila pumzi ni fito na karatasi tu. Mbele ya mtoto asimame mbali, apige magoti, angoje. Mtoto akilia, rudini nyuma.

Kwangu hili halina mjadala: kichwa kibebwe na mgeni, mikono ishikwe na wenyeji. Wageni wakiketishwa kwenye viti watazame ngoma, hapo hawajapokelewa, wameonyeshwa.

Mwenyekiti wa mtaa aambiwe mapema, na polisi wapate taarifa ya maandishi saa 48 kabla ya maandamano. Wazee wakiuliza haya yametoka wapi, wakumbusheni Wapolandi waliohifadhiwa huku huku Nyanda za Juu Kusini, Ifunda na Kidugala, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kagueni njia kwa macho. Penye nyaya za umeme zilizolegea, pitieni kwingine. Hotuba iwe moja, fupi.

Anzieni mlangoni kwa wageni, mwishie sokoni, ili mama wa mboga, fundi cherehani na kijana wa bodaboda kila mmoja ashikwe mkono na kutajiwa jina la familia. Mkimaliza, fungueni mikono na fremu, mning'inize kichwa mahali pakavu kwa mwenyekiti. Mianzi yenye unyevu huoza, na kichwa hicho mtakihitaji familia nyingine ikifika.