Namna ya kukaa stoo usiku wa kimbunga kama utotoni ulifungiwa stoo

Maelekezo yote ya kimbunga yanafika mahali pamoja: upepo ukianza kuvunja vitu, ingia chumba cha ndani kabisa kisicho na dirisha. Choo, korido, stoo. Niliposoma hivyo kwa mara ya kwanza, tayari mtu mzima mwenye watoto wawili, niliacha kusoma nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nyumba niliyokulia ilikuwa na stoo, na Baba alikuwa na matumizi yake. Ukikosea, na makosa yalibadilika kufuatana na siku aliyoamka nayo, unaingizwa humo, komeo linagongwa kwa nje, na hujui unatoka saa ngapi. Mdogo wangu alikuwa analia mpaka anapitiwa na usingizi. Mimi nilikuwa nahesabu. Chini ya mlango palikuwa na upenyo wa unene wa kidole, mwanga wa ukumbini ukipenya hapo. Mtu akipita, mwanga ulikatika mara mbili, mguu na mguu. Nilijua ni miguu ya nani kabla hajafika mlangoni.

Kwa hiyo ninayemwandikia hapa ni yule anayejua fika chumba salama ni kipi, ila mwili wake unagoma kuingia.

Kabla ya stoo, hakikisha stoo ndiyo jibu

Kelele ni za upepo, lakini muuaji mkubwa katika vimbunga ni maji. Kimbunga cha Bhola cha mwaka 1970 kinakadiriwa kuua watu wasiopungua 300,000, wengi wao kwa bahari iliyopanda usiku ikafunika visiwa na pwani tambarare. Katrina, mwaka 2005, ilipandisha maji zaidi ya mita 8 kwenye sehemu za pwani ya Mississippi, Marekani. Hapo stoo haikusaidii kitu. Chumba cha chini kinageuka mtego. Kama unaishi bondeni, karibu na bahari au mto, na amri ya kuhama imetoka, hama mchana, barabara zikiwa bado kavu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 yanabeba magari mengi.

Usipumbazwe na maneno "ni daraja la kwanza tu." Madaraja yale, moja hadi tano, yanapima kasi ya upepo peke yake: la kwanza linaanzia kilomita 119 kwa saa, la tano kilomita 252. Kuhusu maji hayasemi lolote.

Sisi tuliokulia nyumba za ghasia tuna udhaifu wetu hapa: tunakaa. Tulijifunza mapema kwamba kukimbia kunaongeza adhabu, na ukijikunyata kwenye kona yako litapita. Kuna kimbunga kimoja niliendelea kukaa nyumbani saa tano nzima baada ya kuambiwa tuondoke. Nilijidai nasubiri taarifa nyingine ya redio. Ukweli nilikuwa nasubiri mtu mzima aje aseme "twende", na humo ndani mtu mzima nilikuwa peke yangu. Tulitoka salama, kwa bahati tu. Tangu hapo nyuma ya mlango wa mbele kuna karatasi niliyoiandika kwa kalamu nene: AMRI IKITOKA, NDANI YA SAA MOJA TUMEONDOKA. HAKUNA MJADALA. Iandike na wewe leo, akili ikiwa imetulia, maana siku yenyewe utakapoisoma huenda akili hiyo huna.

Nyumba

Hili nitalipitia haraka. Madirisha yazibwe kwa vifuniko vyake au plaiwudi nene, ya milimita 16 hivi, iliyofungwa kwa skrubu. Kubandika utepe wa gundi kwa alama ya msalaba kwenye vioo hakusaidii. Kioo kinavunjika vilevile, pengine kwa vipande vikubwa zaidi. Usifungue dirisha eti upepo upate pa kutokea. Vitu vyote vya nje viingizwe ndani, hata chungu cha maua.

Kisha funga milango yote ya vyumba vya ndani. Upepo ukivunja dirisha moja, milango iliyofungwa huuzuia usisambae nyumba nzima na kulisukuma paa kutoka chini. Kwetu milango ya vyumba vya watoto haikuruhusiwa kufungwa. Basi katika maandalizi yote hii ndiyo sehemu ninayoipenda: natembea nyumba nzima nikifunga mlango mmoja baada ya mwingine kwa mkono wangu, taratibu kama mtu anayefunga duka lake.

Stoo yenyewe, wiki kadhaa kabla

Usingoje siku ya upepo. Mwili ulioogopa chumba kwa miaka thelathini hautashawishika kwa dakika tatu, mtoto analia na paa linapiga kelele.

Anza na komeo. Kama mlango una komeo au kufuli kwa nje, ling'oe. Mimi ilinichukua dakika kumi na bisibisi, na skrubu moja iliyoshika kutu iliyonichubua kidole gumba. Mashimo niliyaacha wazi, yaonekane. Halafu funga komeo kwa ndani, jepesi la kutelezesha, ambalo mtoto analifungua kwa mkono mmoja na mwokoaji analing'oa kwa teke moja. Lipo kwa sababu mgandamizo wa upepo unaweza kuufungua mlango. Kwangu lina kazi ya pili ambayo mwongozo wowote hautakuandikia.

Sasa ingia. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti kidogo, mlango wazi kabisa, mguu mmoja stoo na mwingine koridoni, dakika mbili. Viganja vilitoa jasho nikavifuta kwenye gauni. Siku ya pili miguu yote miwili ilikuwa ndani. Siku ya nne mlango nusu. Siku ya sita niliufunga mwenyewe, tochi mkononi, nikakaa muda wa maji kuchemka, kisha nikaufungua mwenyewe. Huko kufungua ndiko kunakofundisha mwili, kwa hiyo rudia: funga, fungua, funga, fungua. Hofu ikipanda usitoke mbio. Subiri ishuke kidogo ndipo utoke. Na ikiwa ukiingia tu unapotea kabisa, husikii, hujui uko mwaka gani, usifanye peke yako. Fanya na mtu unayemwamini mlangoni, ikiwezekana mshauri wa mambo ya akili. Kama haikubali kabisa, tafuta chumba kingine cha ndani kisicho na dirisha. Korido iliyozungukwa na milango iliyofungwa pia inafaa, na hutakuwa umeshindwa na mtu.

Zingatia harufu. Stoo ya zamani ilinuka mafuta ya taa na magunia yenye unyevu. Hii nimeisugua kwa sabuni, nimetandika shuka safi, na mafuta ya taa nimeyahamishia nje. Upenyo wa chini ya mlango nimeuziba kwa taulo lililokunjwa. Linazuia maji ya mvua pia, lakini sitajidai kwamba ndiyo sababu.

Cha mwisho, weka saa ukutani na kipande cha chaki. Kule hapakuwa na saa. Baba hakuwa na ratiba, na ndiyo maana tulikuwa macho wakati wote. Kimbunga kinatangazwa siku kadhaa kabla: kiko wapi, kinaelekea wapi, kinatarajiwa saa ngapi. Sikiliza redio, andika kwa chaki ukutani walichosema, na pembeni andika kilichotokea. "Saa nne, upepo mkali." "Saa nne na nusu, umeanza." Ukiona maandishi mawili yanakaribiana hivyo, mabega yanashuka yenyewe.

Vitu vya kuingia navyo

Maji ya kunywa na usafi, lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, angalau ya siku tatu. Chakula kisichohitaji moto. Dawa za kila siku. Tochi moja kwa kila mtu, hata mtoto wa miaka mitano awe na yake, mishumaa hapana. Redio ya betri, filimbi, ndoo yenye mfuniko badala ya choo, nyaraka ndani ya mfuko usiopitisha maji, helmeti kama unazo, na godoro la kujifunika ikiwa dari litaanza kuachia.

Na viatu. Utotoni nililala na viatu miguuni, kamba zimefungwa, kwa miaka mitatu hivi. Nilipokua niliona aibu hata kumweleza mtu. Halafu nikakuta waokoaji wanasisitiza: usiku wa kimbunga kaa na viatu imara miguuni, sakafu itajaa vioo. Nilicheka peke yangu. Vaa, wavalishe na watoto.

Usiku

Kelele inakuja kwa mawimbi, na kila wimbi linaishia na kishindo mahali fulani: mlango, bati, tawi. Mwili wako utasema *anakuja*. Utaona umebana pumzi, kichwa umekigeuzia mlangoni. Toa pumzi nje polepole, ndefu kuliko unavyoivuta. Vuta kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu saba au nane. Bonyeza nyayo sakafuni. Gusa komeo. Sema kwa sauti, siyo moyoni, umri wako na tarehe ya leo. Mimi husema: "Nina miaka arobaini na moja. Komeo liko upande wangu." Binti yangu sasa huimalizia kabla yangu.

Sasa kosa langu, ili usilirudie. Kimbunga cha kwanza tulichokaa humo, binti alianza kuimba wimbo wa darasani kwao, kwa sauti kubwa isiyo na mpangilio. Nilimrukia nikamziba mdomo kwa kiganja. "Shh! Nyamaza!" Alinitazama juu ya kidole changu, macho yamemtoka. Akauliza, mdomo ukiwa nusu umezibwa, "Mama, kwani kinatusikia?"

Kimbunga hakisikii. Waache watoto waimbe, wapige ndoo, wagombanie tochi. Imba nao hata kama sauti yako ni kama yangu. Mtoto anayepiga kelele stoo usiku wa kimbunga anafanya jambo ambalo mimi na mdogo wangu hatukulifanya hata mara moja.

Jicho

Ikiwa kitovu cha kimbunga kinapita juu yako, upepo utakata ghafla. Pengine utaona nyota. Jicho kwa kawaida lina upana wa kilomita 30 hadi 65, na utulivu wake unaweza kuwa wa dakika chache au kufika saa nzima, kutegemea mwendo wake na sehemu gani yake imekupitia. Kisha ukuta wa pili, upepo mkali unaolizunguka jicho, unafika na upepo wake unatoka upande wa pili, ukivipiga vile vilivyokuwa vimeinamia huku. Watu wanaumia hapo kwa sababu wametoka kuangalia paa.

Hapa uzoefu wetu una faida. Wewe unaujua ukimya wa aina hii. Umewahi kusikia sahani zimeacha kuvunjika, ukakaa palepale ulipo, na ulikuwa sahihi. Kaeni ndani. Kunyweni maji, tumieni ndoo, badilini mkao, andika saa ukutani. Kama kuna mtu mzima mwingine anataka "kuchungulia mara moja", hiyo ndiyo saa ya kutumia ile sauti uliyorithi bila kupenda. Mimi niliitumia mara moja kwa shemeji yangu. Alirudi akakaa.

Baada ya hapo

Toka pale wenye mamlaka wanapotangaza, siyo kelele zinapopungua. Maji yanaweza kuja baada ya upepo kuondoka: kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, na katika siku zilizofuata mito Buzi na Pungwe ilifurika ikafunika mabonde yake, watu wakiwa wamekwama juu ya miti na mapaa. Usiguse nyaya zilizoanguka wala maji zilimoangukia. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka dirisha au mlango wowote. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua familia nzima usingizini. Maji ya bomba yachemshe yatokote dakika moja kamili kabla ya kunywa, mpaka utangaziwe kuwa ni salama.

Kuhusu mwili: utatetemeka kesho yake, pengine keshokutwa, wakati kila mtu anacheka na kufagia. Mimi mikono hugoma kushika kikombe. Kula, lala, usifanye uamuzi mkubwa wala usimpigie simu mzee wako siku hiyo kumdai maelezo. Nimejaribu, simu ilikatwa, nami nikawa na mambo mawili ya kusafisha.

Mpigie aliyekuwa nawe stoo ya utotoni. Mdogo wangu anaishi mbali na mimi, na mara ya mwisho mtandao uliporudi nilikuta ameshapiga mara kumi na moja.

"Dada, mlikaa wapi?"

"Stoo."

Akanyamaza. Nilisikia anavuta pumzi.

"Na mlango?"

"Nimeufunga mwenyewe. Komeo nimeliweka kwa ndani."

Akanyamaza tena, kisha akauliza nilitumia skrubu za ukubwa gani, maana na yeye kwake kuna stoo.