SOMO: Dar hadi Mbeya kwa basi, ukae upande gani na utazame nini

Wakuu, kila likizo ikikaribia naulizwa swali lilelile: safari ya kutwa nzima, mtu afanye nini zaidi ya kulala na kuangalia filamu za kwenye basi? Fungua pazia. Mengi tuliyokariri shuleni kwa ajili ya mtihani yako nje ya dirisha la barabara hii. Na ukishika jambo moja, mengine yatajipanga yenyewe: fuata maji. Kuanzia Ruaha Mbuyuni mpaka Chimala unapanda kuelekea kwenye vyanzo vya mto Ruaha Mkuu.

Hatua ya 1: Tiketi
Kata basi la saa 12 asubuhi. La usiku linamfaa mwenye haraka, lakini hifadhi ya Mikumi na mlima Kitonga utavipita gizani, sasa umeona nini? Mwambie mkatisha tiketi unataka dirishani, upande wa mlango, yaani kushoto. Milima ya Uluguru iko upande huo, ukuta wa milima ya Chimala pia, na jua la alasiri litawachoma zaidi wa upande wa dereva. Utakachokosa ni mbuga ya Mkata pale Mikumi. Hapo utaomba radhi kwa jirani uchungulie. Kabla hujalipa, hakikisha siti haiko sawa na nguzo ya dirisha, maana utaitazama nguzo hiyo mpaka Uyole, mlangoni mwa Mbeya.

Hatua ya 2: Mbezi hadi Morogoro
Mpaka Kibaha sinzia tu, sikudanganyi. Ukipita Mlandizi amka, kuna daraja la Ruvu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar inatoka kwenye mto huu. Chalinze wa Tanga na Arusha wanakata kulia, ninyi mnanyoosha. Mkikaribia Morogoro, Uluguru inajitokeza kushoto, na mara nyingi kileleni kuna wingu. Wingu hilo halijaja kwa bahati: upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unagonga mlima, unapanda, unapoa, mvua inanyesha. Ruvu inaanzia humo. Maji uliyoogea asubuhi Sinza huenda yaliwahi kuwa wingu la namna hiyo.

Hatua ya 3: Mikumi
Barabara inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, na matuta yanamlazimisha dereva apunguze mwendo. Usihangaike kutafuta mnyama. Tafuta mstari wa mlalo. Nyasi na miti vimesimama wima, kwa hiyo kilicholala mlalo na kina miguu chini huwa ni mgongo wa swala, nyati au pundamilia. Twiga mtafute juu ya miti ya miiba, si katikati yake. Tembo wa mbali anafanana na kichuguu mpaka atikise sikio. Nyani watakuwa pembeni kabisa mwa lami. Msiwatupie ndizi, ndiyo inayowaleta kwenye matairi.

Hatua ya 4: Ruaha Mbuyuni na Kitonga
Kwangu hiki ndicho kipande bora cha safari yote, usikipitishe kwenye simu. Baada ya mji wa Mikumi nchi inakauka, joto linapanda, na mibuyu inaanza, kwanza mmoja mmoja, kisha mlima mzima. Angalia mashina: mengine yana makovu kama mikanda, mahali watu walipochuna magome ya kutengenezea kamba. Miti mingi ukiizungushia kovu la namna hiyo inakufa. Mbuyu unaotesha gome jipya na kuendelea kuishi.

Pale Mbuyuni vitunguu vitapandishwa mpaka dirishani kwako vikiwa kwenye neti (bei ya kwanza si bei). Unavuka Ruaha Mkuu na kuingia mkoa wa Iringa. Maji unayoyaona chini ya daraja yametoka bwawa la Mtera na yanakwenda Kidatu, kote huko yanazalisha umeme, kisha yanaingia Rufiji.

Halafu Kitonga. Malori yanapanda kwa gia nzito, yanayoshuka yananukia breki. Toa macho kwenye kona kidogo uangalie miti: mibuyu inapungua, halafu inakwisha kabisa, kwa sababu haipendi baridi. Dirisha likiwa wazi utausikia upepo ukibadilika. Ukifika Ilula, kwenye matenga ya nyanya, watu wamevaa masweta.

Hatua ya 5: Iringa hadi Makambako
Kabla ya Iringa kuna Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani cha Zelewski. Mnara upo karibu na barabara. Mwombe kondakta akushtue. Mji wa Iringa uko juu, basi linapita chini, Ipogolo, linavuka Ruaha Mdogo, tawi la ule ule wa Mbuyuni. Nguzo za udongo za Isimila, kilomita 20 hivi mbele, huzioni ukiwa ndani ya basi, zitengee siku yake. Misitu ya misindano ya Sao Hill inapendeza kwa dakika kumi, baada ya hapo mistari ni ileile. Makambako mnakutana na reli ya TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia.

Hatua ya 6: Igawa na Chimala
Kushoto ukuta wa milima, kulia tambarare ya Usangu na majaruba ya mpunga. Mito inayoshuka kutoka ukuta huo, Mbarali na Chimala ikiwemo, ndiyo inayokusanyika kuwa Ruaha Mkuu. Kila daraja, chungulia: kuna maji? Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na kilimo cha umwagiliaji cha huku juu ni sababu mojawapo kubwa. Mchele wa Mbeya mnaousifia na umeme wa Mtera vinagombea maji haya haya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, picha za dirishani zinanitokea na mwanga wa ajabu. Nifanyeje?
Futa kioo mkisimama kuchimba dawa. Bandika simu kwenye kioo kabisa, funika pembeni kwa kitenge au sweta, zima flashi. Piga vya mbali. Vya karibu vitatoka ukungu tu.

Nasafiri na watoto wawili, si watachoka?
Watachoka, dada. Mmoja mpe kazi ya kuhesabu madaraja yenye maji, mwingine makavu. Mbuyuni wabadilishie, watafute mbuyu wa mwisho kabla ya kilele cha Kitonga. Anayetapika akae mbele na atazame mbali.

Mimi natokea Mbeya kwenda Dar. Upande gani?
Upande wa dereva. Jua la asubuhi litakusumbua kidogo, vumilia.

Mwezi gani ni mzuri?
Machi na Aprili nchi ni kijani na mito imejaa, ila nyasi za Mikumi zinaficha wanyama. Agosti hadi Oktoba wanyama wanaonekana na mibuyu iko uchi. Anayetaka maua ya hifadhi ya Kitulo aende kati ya Desemba na Aprili, ashuke Chimala atafute gari la Matamba.

Nikipanda treni ya SGR mpaka Moro halafu niunge basi, nitakosa nini?
Foleni ya Kimara tu. Ila mabasi ya kutoka Dar hufika Msamvu, stendi ya Morogoro, yamejaa, kwa hiyo siti yako ilipie mapema, na usisahau: upande wa mlango.