Somo: Ubia wa biashara unahitaji TIN yake lini?

Watu wengi wanaoungana kufanya biashara hudhani kwamba, kwa kuwa kila mmoja wao ana TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, ubia hauhitaji ya kwake. Dhana hiyo si sahihi kwa hapa Tanzania, na madhara yake huonekana pale leseni inapokwama au hesabu za mwaka zinapodaiwa.

Kwanza, hakikisheni kwamba mlicho nacho ni ubia. Ubia upo pale watu wawili au zaidi wanapoendesha biashara pamoja kwa nia ya kugawana faida, hata kama hawajaandikiana lolote. Kuchangia pango la fremu moja, huku kila mmoja akiuza mali yake na kutunza fedha zake, si ubia, na hapo kila mtu atatumia TIN yake.

Mkishajiridhisha, andikeni mkataba wa ubia unaotaja mtaji wa kila mmoja, mgawanyo wa faida na hasara, na utaratibu wa mtu kujitoa. Ninasisitiza mgawanyo wa faida kwa sababu ndio unaoamua kodi ya kila mbia. Kisha sajilini jina la biashara BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura 213.

Hatua inayofuata ni kuomba TIN ya ubia kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), mkiwa na mkataba huo, cheti cha jina la biashara, TIN za wabia wote na uthibitisho wa mahali pa biashara. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura 438, inamtaka anayeanza biashara aombe TIN ndani ya siku 15 tangu alipoanza, na huduma hii ni ya bure; asiwepo mtu wa kuwatoza fedha kwa ajili ya namba yenyewe. Ombeni leseni ya biashara baada ya hapo, kwa kutumia TIN ya ubia.

Sasa nieleze jambo linalowachanganya wengi. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato. Faida hugawanywa kwa wabia, na kila mmoja hutozwa kwa sehemu yake. Tuseme dada wawili wa Morogoro wana duka la vitenge, mmoja ana asilimia 60 na mwenzake 40, na faida ya mwaka ni shilingi 10,000,000. Wa kwanza atahesabiwa mapato ya shilingi 6,000,000 na wa pili 4,000,000, hata kama fedha zote zimerudishwa dukani kununua mzigo. Hata hivyo, ubia ndio unaowasilisha TRA ritani, yaani taarifa rasmi ya mapato hayo, unaokata kodi ya mishahara ya wafanyakazi na kodi ya zuio kwenye pango (kodi inayokatwa kabla ya kumlipa mwenye nyumba), na yote hayo hufanyika kwa TIN ya ubia.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nilipata TIN nilipokuwa nachukua leseni ya udereva. Je, niombe nyingine kwa ajili ya ubia?

Jibu: Marahaba. Usiombe nyingine, kwani mtu mmoja huwa na TIN moja tu. Hiyo uliyo nayo ilitolewa kwa shughuli isiyo ya biashara, kwa hiyo nenda TRA ukahuishe taarifa zako, ili sehemu yako ya faida iingie kwenye namba hiyohiyo.

Swali: Mwaka wa kwanza hatukupata faida kabisa. Je, tunawajibika kuwasilisha chochote?

Jibu: Ndiyo, ndugu yangu. Ritani huwasilishwa hata panapokuwa na hasara, na kukaa kimya huzaa adhabu ambayo mngeweza kuiepuka.

Swali: Tulikuwa wawili, na mwenzangu amejitoa. Je, naweza kuendelea na TIN ya ubia?

Jibu: Hapana, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuwa ubia. Funga hesabu hadi tarehe aliyojitoa, wasilisha ritani ya mwisho ya ubia, omba TIN hiyo ifungwe, kisha endelea kwa TIN yako binafsi. Badilisha pia taarifa za BRELA na leseni, kwani bila kufanya hivyo madeni mapya yanaweza kumfuata mwenzako ambaye hayumo tena.