Kupanga Ratiba ya Muhula katika Ndaki ya Sayansi: Anzia Maabara

Mratibu mpya wa taaluma anapokabidhiwa kazi ya kupanga ratiba ya ndaki ya sayansi, yaani kitengo cha chuo kikuu chenye idara kadhaa, aghalabu huanza na kumbi za mihadhara, kwa kuwa ndizo zenye ugomvi: kila mhadhiri anautaka ukumbi mkubwa, na wote wanautaka saa mbili asubuhi. Ushauri wangu, uliotokana na miaka ya kupanga ratiba hapa Tanga, ni kwamba aanze na maabara. Mhadhara uliokosa ukumbi waweza kuhamishiwa jengo jingine, lakini meza ya kemia yenye bomba la maji na mtungi wa gesi haina pa kuhamia.

Kabla ya kuchora mstari wowote, kusanya mtaala uliopitishwa, kalenda ya chuo iliyoridhiwa na Seneti, yaani chombo kikuu cha taaluma chuoni, na idadi ya wanafunzi waliosajiliwa. Nimesema waliosajiliwa, si waliodahiliwa, yaani waliopewa nafasi tu, maana baina ya makundi hayo mawili huweza kupotea darasa zima. Katika mtaala tazama krediti. Kwa mfumo wa Tanzania krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo hubeba krediti 120. Kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120, zikiwamo za mihadhara, za vitendo na za mwanafunzi kujisomea mwenyewe. Saa za vitendo ndizo zitakazokusumbua.

Chukua mfano wa maabara moja ya kemia yenye nafasi 30. Mwaka wa kwanza una wanafunzi 180, wa pili 90 na wa tatu 60, na kila kozi inadai saa 30 za vitendo, yaani vipindi 10 vya saa tatu. Hayo ni makundi 6, 3 na 2, jumla 11. Kwa wiki maabara ina vipindi 10, asubuhi na mchana kwa siku tano, lakini Ijumaa mchana tunaiacha kwa ajili ya swala na kusafisha vifaa, hivyo vinabaki 9. Makundi 11 hayaingii katika vipindi 9, na hapo ndipo waratibu wengi hukata tamaa na kuwabana wanafunzi wawili wawili kwenye kifaa kimoja. Sikubaliani na njia hiyo: aliyemtazama mwenzake akipima kwa bureti, ile mirija ya kupimia vimiminika, hajapima.

Hesabu kwa muhula, usihesabu kwa wiki. Makundi 11 mara vipindi 10 ni vipindi 110. Muhula wa wiki 15, ukiondoa wiki ya kwanza ya usajili na mafunzo ya usalama, pamoja na ya mwisho ya kufidia na kuhesabu vifaa, una wiki 13. Mara 9, unapata vipindi 117. Vinatosha, mradi kila kundi lipumzike wiki moja moja kwa zamu badala ya kuingia kila wiki. Vipindi 7 vinavyobaki usimgawie mtu. Muhula wa pili una Pasaka, Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 na Mei Mosi, na akiba hiyo humezwa upesi. Weka pia Jumamosi asubuhi kando, kwa makubaliano na mafundi sanifu wa maabara. Hao mafundi waulize mapema, kwani ndio wanaojua kwamba jaribio la saa tatu lina saa nzima ya maandalizi kabla yake na nusu saa ya kuosha baada yake.

Mazoezi ya nje yana kalenda yake, na hapa pwani kalenda hiyo huandikwa na mwezi. Mara ya kwanza tulipopeleka wanafunzi wa baiolojia kutambua mkoko, mchu na mkandaa, tulifika saa nne asubuhi tukakuta maji yamefika mitini. Mzee mmoja mvuvi akatuuliza kwa upole kama huko chuoni hatujui maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana. Tangu hapo safari zote za mikokoni hupangwa siku za bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa sana, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, ambapo maji hupwa mbali mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Kwa siku nyingine, kumbuka maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Safari ya msitu wa Amani, huko Muheza, isiangukie katikati ya masika, kwa sababu ya barabara.

Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo ratiba ya mwaka jana haifai kunakiliwa. Mwezi huo peleka majaribio marefu asubuhi.

Kemikali ni jambo la bajeti kabla ya kuwa jambo la ratiba. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mahitaji ya idara hukusanywa miezi mingi kabla. Kwa hiyo orodha ya majaribio ya muhula ujao iwe mezani kwa mkuu wa idara mapema, ikitaja kiasi kwa kila kundi, si kwa kila kozi.

Rasimu ikikamilika, ipitie kwa wakuu wa idara wote katika kikao kimoja, kisha uipeleke Bodi ya Ndaki. Ikishapitishwa, mabadiliko yote yaandikwe katika daftari moja linalotunzwa na mtu mmoja, likionyesha tarehe, kundi lililohamishwa na kipindi cha akiba kilichotumika.