Leseni ya ualimu unapohamia jimbo jingine Marekani
Mwalimu mwenye leseni ya jimbo moja la Marekani asidhani kwamba itamfuata anakohamia, kwa kuwa kila jimbo hutoa leseni yake, na makubaliano baina ya majimbo ya NASDTEC, chama cha wakurugenzi wa majimbo wanaosimamia mafunzo na leseni za walimu, hayamwondolei moja kwa moja mitihani ya ziada wala kuchukuliwa alama za vidole. Texas, kwa mfano, huweza kumpa cheti cha mwaka 1 ili afundishe huku akikamilisha mitihani hiyo. Aombe matokeo rasmi ya chuo mapema, kabla ya kufunga mizigo, kisha aeleze waziwazi katika barua ya kazi kwamba maombi ya leseni yamekwisha kuwasilishwa na yamefikia hatua gani, jambo ambalo kwa maoni yangu humtuliza sana mwalimu mkuu anayetafuta mtu wa kuanza Agosti.